Bursi isipotee kwa herufi moja



Matokeo ya Exetat yakitoka, vijana wanamwagiwa pudre nyeupe kichwani, vigelegele vinasikika kila avenyu, na jogoo anachinjwa. Siku chache baadaye swali linafika: mtoto amefaulu, pesa za kampasi zitatoka wapi? Hapo tunaanza kusikia habari za bursi, yaani msaada wa pesa za masomo. Na miezi ikipita tunasikia habari nyingine: dosye imerudishwa, dosye imekwama, jina la mtoto haliko kwenye orodha.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu tunajua nani analipa bei ya kuchelewa. Nyumba ikiwa na mvulana na msichana waliofaulu, na pesa haitoshi wote wawili, dosye ya msichana ikikwama ndiye anaambiwa: kaa kwanza, saidia mama sokoni, tutaona mwaka ujao. Mwaka ujao mara nyingi anakuja mchumba, na habari ya kampasi inaishia hapo.

Neno letu la leo ni hili: makosa mengi ya dosye yamekaa kwenye karatasi za mtoto tangu yuko mdogo, na mama anaweza kuyaona mapema kuliko mtu yeyote wa biro.

Majina matatu, fomu ya majina mawili

Sisi Wakongo tunaandika nom, postnom na prenom. Desturi hii ina historia. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, watu wakachukua postnom mahali pake. Baadaye prenom ikarudi, tukabaki na majina matatu. Lakini fomu nyingi za nchi za nje zina nafasi mbili tu: jina la familia na jina la mtu mwenyewe. Mtoto mmoja anaweka postnom nafasi ya kwanza, mwingine anaiweka ya pili, mwingine anaiacha kabisa. Halafu pasipoti inasema hivi, diploma inasema vile, na anayekagua anaona watu wawili.

Hapa Maniema tuna shida ya kuongeza. Majina yetu mengi yanatoka kwa wazee wa Kiislamu, na kila karani anaandika jinsi sikio lake linavyosikia: Ramazani au Ramadhani, Asumani au Assumani, Shabani au Chabani, Mwajuma au Muadjuma. Nyumbani ni mtoto yule yule. Kwenye dosye, herufi moja inatosha kumfanya mtu mwingine.

Kwa hiyo chagueni maandishi ya cheti cha kuzaliwa kuwa ndiyo ya kufuatwa, na kila karatasi ilingane nayo. Buletini ikija nyumbani, tusiangalie pointi peke yake. Tusome jina herufi kwa herufi, na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kuna nyakati mbili za kuwa macho zaidi: mwaka wa sita wa msingi, kabla majina hayajapelekwa kwa ajili ya ENAFEP, na mwaka wa mwisho wa sekondari, kabla majina hayajapelekwa kwa ajili ya Exetat. Wakati huo kosa linasahihishwa shuleni, kwa kalamu ya mwalimu. Likishaingia kwenye diploma, safari yake ni ndefu na inakula pesa.

Cheti cha kuzaliwa

Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatupa siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye eta sivil. Siku hizo zikipita, inabidi kwenda mahakamani kutafuta hukumu inayochukua nafasi ya tangazo la kuzaliwa. Kosa lililo ndani ya cheti chenyewe nalo linasahihishwa kwa mahakama. Wala usikubali mtu akukwangulie herufi na wembe au aandike juu ya nyingine. Karatasi iliyoguswa hivyo itaonekana ya uongo, hata kama kila kitu ndani yake ni kweli.

Mama anayebaki peke yake na watoto, baba akiwa kwenye machimbo au amehama, asikae kungoja. Mama ana haki ya kuandikisha mtoto wake. Na marekebisho yale ya 2016 yaliondoa lile sharti la zamani la mke kuomba ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria.

Diploma inachelewa, bursi haingoji

Wote tunajua kwamba diploma yenyewe inaweza kuchukua muda mrefu kufika. Mtoto asingoje. Achukue mapema atestasyo ya kufaulu yenye asilimia yake, na buletini za miaka ya mwisho, kisha aulize kwa maandishi kama atestasyo inakubaliwa kwanza wakati diploma bado. Bursi kama Excellentia, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Fondation ya Denise Nyakeru Tshisekedi, inawatazama waliopata asilimia kubwa kwenye Exetat. Kwa hiyo kosa kwenye asilimia ni zito sawa na kosa kwenye jina.

Tukumbuke pia saa. Kindu tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na fomu za nje zinafuata saa za kwao. Lakini kinachotuangusha zaidi ni mtandao na umeme. Siku ya mwisho iandikwe ukutani, na chini yake iandikwe siku yetu wenyewe, wiki moja kabla. Siku hiyo ndiyo ya kutuma.

Dosye ikikwama

Wengi wetu tunaenda biro, tunaongea kwa mdomo, tunaambiwa "rudi wiki ijayo", na hakuna alama inayobaki kwamba tulifika. Tuandike barua fupi, namna hii:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi huyu, mwenye namba hii. Tulileta dosye tarehe hii. Jina limeandikwa hivi, na cheti cha kuzaliwa kinaonyesha hivi. Tunaomba lisahihishwe. Fotokopi iko pamoja na barua."

Peleka nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili wanaipiga kashe na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Kosa la shule linaanza kwa prefe, halafu linapanda su-divizyo ya elimu. Ukituma kwa simu au kompyuta, piga picha ya ukurasa unaosema imepokelewa, na uandike namba yake kwenye daftari. Karatasi za asili usimpe mtu anayepanda ndege kwenda Kinshasa kama fotokopi zilizothibitishwa zinatosha.

Na yule anayesema "nipe dola kidogo nitaisukuma dosye", mwombe resi yenye kashe. Asipoweza kuitoa, pesa ibaki mfukoni mwako. Hata matangazo ya bursi yanayozunguka kwenye WhatsApp yakidai malipo ya kuandikishwa, uliza kwanza kampasini au kwa sisi walimu.

Tusijione peke yetu

Shida hii iko hata kwa majirani. Tanzania wana Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, iliyowekwa kwa sheria ya 2004. Kule cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa kwanza, kuna muda wa kusahihisha fomu, na asiyeridhika anakata rufaa. Huko Marekani, walipo ndugu zetu wengi, fomu ya serikali ya msaada wa masomo ambayo kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa 10, mwaka 2023 ilifunguliwa mwisho kabisa wa mwezi wa 12, tena ikiwa na makosa ya hesabu. Vyuo vilingoja hadi mwezi wa 3 mwaka 2024 kuanza kupata majibu, na vyuo vingi vikasogeza tarehe yao ya mwisho.

Tunachukua funzo mbili. Kuchelewa si kukataliwa, kwa hiyo tufuatilie mpaka jibu liandikwe. Na tarehe inaweza kusogezwa, lakini mara nyingi kwa aliyeomba kabla haijapita.

Wakati tunangoja, msichana asikae bure. Aandikwe hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kindu au ISP, na mama aulize mapema kama minervali inalipwa kwa vipande. Bursi ikija, ataamua. Isipokuja, mwaka haukupotea.

Kazi ya wiki hii

Kila kikundi, kwenye mkutano wa likelemba, kila mama alete cheti cha kuzaliwa na buletini ya mwisho ya kila mtoto. Anayejua kusoma amsomee jirani yake jina, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, tuandike kwenye daftari la kikundi: mtoto gani, karatasi gani, kosa gani, nani atamsindikiza mama, na siku gani. Asiende peke yake. Mama wawili mlangoni wanasikilizwa haraka kuliko mmoja.

Asiye na cheti kabisa asione haya kusema. Tuanze na yeye.