Usiuze Tenki na Samaki Siku Moja

Leo naweka mahindi na kuku pembeni. Nina neno na wenzetu wanaouza tenki za kioo na samaki wa mapambo, na si neno la kubembeleza: mnaua samaki, mnakula hela za watu, na mkiulizwa mnasingizia ugonjwa.

Mama mmoja mwenye hoteli ndogo karibu na stendi alinipigia simu. Alikuwa amenunua tenki la futi mbili, filta, changarawe za rangi na samaki wanane wekundu, vyote siku moja, duka moja. Jioni tenki likawa linawaka taa pale kaunta, wateja wanapiga picha. Siku ya tano samaki watatu wakawa wanahema juu ya maji. Siku ya nane walibaki wawili. Muuzaji akamwambia maji yameharibika, amwage yote, asugue tenki na filta, ajaze maji mapya. Akamuuzia na chupa ya dawa ya bluu pamoja na samaki wengine sita. Hao nao wakaisha. Aliponitafuta alikuwa kwenye awamu ya tatu, na majirani walishaanza kusema ana mkono mbaya.

Mama yule hana mkono mbaya. Aliuziwa tenki bichi.

Samaki anapokula, taka yake kubwa haitoki kama kinyesi unachokiona chini. Inatoka kwenye mashavu yake kama amonia, imeyeyuka, huioni. Mabaki ya chakula yakioza nayo hutoa amonia hiyo hiyo. Ziwani au mtoni haina shida, maana maji ni mengi na kila jiwe limefunikwa na bakteria wanaoila. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu: inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, hata mashavu ya samaki hugeuka rangi ya kahawia. Kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa naitreti, na hiyo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa, unaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kidogo.

Sasa tenki lililotoka dukani leo lina bakteria hao wangapi? Karibu hakuna. Wanaongezeka polepole, na kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi sita kutosha. Kazi ya kuwangoja ndiyo naiita kukomaza tenki. Ukiweka samaki wanane siku ya kwanza, amonia inapanda wiki ya kwanza, nitraiti inafuata, na wewe unaona vifo viwili viwili kwa muda wa mwezi. Hapo anayeuza dawa anafurahi.

Na ushauri wa kumwaga maji yote na kusugua filta kwa maji ya bomba ndio unaoniudhi kuliko vyote. Bakteria wetu hawaelei sana kwenye maji; wamejishika kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe, kwenye kioo. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo makusudi iue bakteria. Kwa hiyo kila mama yule alipotii, alirudisha tenki siku ya kwanza. Dawa nyingi za aina ile nazo zinaweza kuwaua hao hao bakteria. Yaani alilipa pesa ili tatizo lianze upya.

Nakiri, na mimi nimewahi kukosea. Nilipoanza kazi nilimwelekeza mfugaji wa vifaranga vya sato aliyekuwa na tenki la plastiki lenye filta aisafishe "mpaka ing'ae". Iling'aa kweli. Vifaranga ndani ya siku chache vilielea. Yule mzee hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi.

Wauzaji wana majibu yao, nayasikia. La kwanza: "Mbona fulani aliweka siku hiyo hiyo na samaki wake wapo?" Pengine aliweka wawili wadogo kwenye maji mengi, akawalisha kidogo, au alipewa changarawe kutoka tenki la zamani. Wengine walikufa, hakukusimulia. La pili: "Maji yangu meupe kabisa." Amonia haina rangi, na kiasi kinachoua samaki hukisikii kwa pua. La tatu ndilo la kweli kidogo: "Nikimwambia mteja asubiri mwezi, ataenda duka la pili." Sawa, anaweza kwenda. Lakini mteja aliyezika samaki mara tatu harudi kununua chakula, wala filta, wala tenki kubwa zaidi. Mama yule aliniambia tenki sasa linawekewa soda.

Tena ninyi wauzaji mna kitu ambacho mteja hana: tenki zinazofanya kazi dukani. Wekeni sponji za ziada ndani ya filta zenu. Mkiuza tenki, mpeni mteja sponji moja iliyokomaa, ikiwa kwenye mfuko wenye maji ya tenki, isikauke njiani. Hiyo inapunguza sana muda wa kusubiri. Hakikisheni tu imetoka kwenye tenki lisilo na ugonjwa. Iuzeni hata kwa bei, sitawalaumu.

Kwako mnunuzi: jaza tenki maji ya kisima, au ya bomba yaliyokaa wazi kwenye ndoo siku moja hadi mbili klorini ikatoka. Kama mamlaka yenu ya maji inatumia kloramini, kukaa wazi hakutoshi, tafuta dawa ya kuondoa klorini. Washa filta. Kisha walishe bakteria kabla ya samaki: bana ya chakula cha samaki kila siku, au dagaa mmoja ndani ya kitambaa chepesi, aoze humo. Maji yakiwa meupe kama tui siku za mwanzo, yaache. Tafuta vipimo vya matone vya amonia na nitraiti. Vyote viwili vikisoma sifuri huku naitreti ikionekana, na bado unaendelea kulisha, tenki limekomaa. Mtoe dagaa wako, badilisha nusu ya maji, weka samaki wachache, ongeza wengine baada ya wiki kadhaa.

Filta isizimwe usiku. Najua unit za LUKU zinauma, lakini bakteria hawa wanahitaji oksijeni muda wote. Filta ikilala saa nyingi wanaanza kufa, na ukiiwasha asubuhi inamwaga uozo ndani. Ukitaka kubana matumizi, zima taa. Sponji ikiziba, isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tenkini, basi.

Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika wawe macho zaidi. Maji ya ziwa lile yana pH ya juu, inakaribia 9. Kwenye joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali yake ya sumu kali. pH 8 ni kama asilimia 5. pH 9 inazidi asilimia 30. Kosa linalovumilika kwenye maji ya kawaida, huko linaua.

Na kama samaki wako tayari wako ndani ya tenki bichi unaposoma hapa, usimwage yote. Punguza chakula mpaka mara moja kwa siku mbili, badilisha robo ya maji kila siku kwa maji yasiyo na klorini, ongeza hewa. Wakihema huku mashavu yana rangi ya kahawia, weka chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa lita 5 hivi, uiyeyushe kwanza pembeni. Chumvi haitoi nitraiti, inaizuia isiingie kwenye damu. Endelea hivyo mpaka vipimo vitulie, na usinunue samaki mwingine hata mmoja kabla ya hapo, hata ukiambiwa leo kuna punguzo.