Baiskeli zetu zitalala wapi Makutano?

Makamanda, ukisema maegesho ya kuacha chombo chako upande basi, wengi wanawaza magari ya Dar. Kwetu Mara siyo hivyo. Hapa tunaongelea baiskeli na pikipiki.

Nenda Makutano asubuhi, pale barabara za Musoma, Bunda, Butiama na Sirari zinapokutana. Mtu katoka kijijini na baiskeli yake, anataka hiace ya Musoma. Baiskeli anaiacha wapi? Anambembeleza mwenye duka. Duka likifungwa mapema, imekula kwake. Mwingine anaamua bora bodaboda mpaka barabarani, na jioni tena, na akishushwa stendi ya Bweri bado ana boda nyingine ya kumfikisha mjini. Nauli ya hiace inapangwa na LATRA. Ya boda ni mapatano tu, na jioni ukiwa umechoka hupatani vizuri. Mama aliyefuata dagaa Musoma anabaki na nini hapo?

Ninachodai ni kitu kidogo: uzio, paa la bati, taa, choo, na mlinzi anayetoa risiti. Makutano, Kiabakari na Bunda mjini.

Sasa sheria. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga banda humo, kesho unapakwa X. Kwa hiyo eneo litengwe nje ya hifadhi, lipimwe, na mwenye shamba alipwe fidia kabla hajaguswa. Mnakumbuka Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017, nyumba zilivyobomolewa kwa hesabu ya mita 121.5 kila upande? Watu wakishajenga, kila mita inageuka kesi. (Wanasheria tutakula, ila siyo chakula ninachokitaka.)

Wataniambia zahanati kwanza. Sawa, lakini mgonjwa naye anapita barabara hiyohiyo, na sijasema tujenge yote mwaka huu. Nasema kiwanja kitengwe sasa, Makutano ikiwa bado na nafasi.

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Kijana wa Butiama, wa Bunda, kikao kijacho ingia ukae. Diwani wako aulize kwa maandishi: kiwanja cha maegesho kiko wapi kwenye ramani, na ni namba ngapi?