Ajali Ina Kinga

Kila nisikiapo taarifa ya habari ikieleza kwamba watu kadhaa wamefariki katika ajali ya barabarani, sikio langu la mwanaisimu hunasa kwenye neno hilo "ajali". Asili yake ni Kiarabu, ambako "ajal" ni muda ambao mja amekadiriwa kuishi. Nasi tukaongeza methali kuwa ajali haina kinga. Basi dereva hushutumiwa siku mbili, marehemu huombewa, wakubwa huzuru mahali penyewe, na barabara hubaki vile vile.

Hebu tuitazame Salgaa, katika barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Kwa miaka mingi malori yenye shehena yaliteremka hapo gia zikiwa huru ili kubana mafuta, breki zikapata moto na kushindwa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana ana kwa ana Migaa, karibu na hapo, na watu 36 wakafa. Serikali ikapiga marufuku usafiri wa abiria usiku, amri ambayo haikudumu. Kilichodumu ni kazi ya wahandisi: njia ilipanuliwa na ukuta wa saruji ukajengwa kati ya wapandao na washukao. Dereva hakugeuka malaika, lakini kosa lake halivuki tena kwa urahisi hadi upande wa pili.

Hata hivyo, dawa ya Salgaa si dawa ya kila mahali. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara na kuwavamia wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja magari. Zaidi ya 50 walikufa. Ukuta wa katikati usingaliwafaa kitu. Pale palihitajika soko lililo mbali na lami, vizuizi vya chuma ukingoni, na kasi iliyopunguzwa kabla ya kufika njia panda.

Ndiyo maana nasema tuulize kwanza ni nani anayekufa na anakufaje. Nchini Kenya wanaokufa kwa wingi ni waendao kwa miguu, ilhali fahari yetu ni upana wa lami. Katika barabara ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, mtu aonaye kivuko cha juu kiko mbali na kituo chake hukimbia katikati ya magari. Tunamwita mkaidi. Mimi naona kivuko kilipimwa na mtu asiyetembea.

Matuta nayo hulaaniwa na wenye magari, nami nikiwa mmoja wao. Lakini kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Anayegongwa na gari liendalo kilomita 30 kwa saa aghalabu hupona. Kwa kilomita 60, matumaini ni haba.

Wizara inayohusika haina budi kututangazia, kabla ya bajeti ijayo, mahali panapoua zaidi, kitakachojengwa hapo, na tarehe ya kukamilika.