Watumishi wasinyamazie uvumi wa chanjo

Tangu mwaka 2018 wasichana wa nchi hii wamekuwa wakipewa chanjo dhidi ya kirusi kiitwacho HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi nchini kuliko hiyo. Mwaka 2024 Serikali ilipanua huduma hiyo: badala ya wasichana wa miaka 14 peke yao, chanjo ikatolewa kwa wote wenye umri wa miaka 9 hadi 14, na kwa dozi moja badala ya mbili. Sindano moja, bila malipo, na aghalabu shuleni. Jambo jepesi kiasi hicho halikutazamiwa kuwa na wapinzani.

Lakini wapinzani wapo, nao wamo ndani ya simu. Msimu wa chanjo unapokaribia huzuka ujumbe usio na jina la mwandishi wala tarehe, ukidai kwamba sindano ile inafunga kizazi, na kumhimiza kila anayeusoma ausambaze upesi kabla haujafutwa. Ujumbe huo huingia katika kundi la WhatsApp la ukoo, ukatoka humo ukaingia la kwaya, kisha la wazazi wa darasa, kisha la chama cha kuweka na kukopa. Kesho yake baba yuko mlangoni mwa shule, amekuja kumtoa binti yake kwenye foleni.

Yafaa kuuliza ni nani anayeubeba ujumbe huo kutoka kundi hadi kundi. Ni rahisi kumsingizia mwananchi asiyesoma. Ukweli ni kwamba katika makundi mengi ya simu anayesikilizwa ni mtumishi: mwalimu, karani, bwana shamba, afisa mtendaji wa kata. Mkulima akiuona ujumbe umetoka kwenye simu ya mwalimu hasemi kwamba simu imesema. Husema mwalimu kasema. Na mwalimu mwenyewe, akiulizwa, hujitetea kwamba yeye hakusema lolote, alirusha tu kama alivyoupokea. Utetezi huo haufai. Mtu hakubali kuweka saini yake kwenye barua asiyoisoma. Kwa nini akubali kuuweka uaminifu wake kwenye ujumbe asioujua ulikotoka?

Wapo pia wanaojua kwamba ujumbe ni wa uongo na wakanyamaza. Hao ndio wengi zaidi. Muuguzi wa zahanati anausoma, anatikisa kichwa, anaendelea na shughuli zake, kwa kuwa hataki kubishana na shemeji yake mbele ya ukoo mzima. Watu mia mbili waliomo katika kundi hilo wanajua kwamba muuguzi amesoma. Kimya chake wanakihesabu kuwa ni kukubali.

Wanaokumbuka mwaka 1973 wanajua kwamba Taifa hili limewahi kutumia chombo cha habari kwa namna iliyo kinyume kabisa na hiyo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na mwenye swali aliuliza akajibiwa papo hapo. Kundi la simu ni kikundi cha aina ile ile, tena kikubwa zaidi na kisicholala. Kinachokosekana ni yule wa kujibu, hali nusu ya watu wenye uwezo wa kujibu wamo humo humo.

Haki hapana budi itendeke kwa wenye shaka. Historia ya mabeberu katika afya ya Mwafrika si historia ya malaika. Mwaka 1996, mjini Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ya Marekani ilifanya majaribio ya dawa kwa watoto wagonjwa, jambo lililozaa kesi zilizodumu miaka mingi hadi kampuni hiyo ikakubali kulipa. Mwaka 2003 viongozi wa Kano walipokataa chanjo ya polio, kumbukumbu ile haikuwa mbali na fikra za watu. Aprili 2020 madaktari wawili wa Ufaransa walisikika kwenye televisheni ya kwao wakizungumzia kufanya majaribio ya chanjo Barani Afrika, na maneno yao yakalizunguka bara zima. Mwaka 2021 nchi tajiri zilijilimbikizia chanjo za Uviko-19 huku Afrika ikingoja. Anayewaambia wananchi kwamba shaka yao ni ujinga mtupu huwatukana, na aliyetukanwa hafundishiki.

Ila wale wanaokataa chanjo kwa kudhani kwamba wanawapinga mabeberu wachunguze kwanza bidhaa waliyoibeba. Dai kwamba chanjo ya surua inawapa watoto usonji halikuzaliwa Afrika. Lilitokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyochapishwa mwaka 1998 kwa kutegemea watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta, na daktari huyo akaondolewa katika orodha ya madaktari wa nchi yake. Huko ilikozaliwa imefutwa. Huku bado inapokewa kama habari mpya, tena ya siri.

Chanjo yenyewe ya HPV, kwa upande mwingine, ina jasho la Watanzania ndani yake. Uamuzi wa kutoa dozi moja haukushushwa kutoka Ulaya. Mkoani Mwanza watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakishirikiana na wenzao wa nje, waliwafuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, baadhi wakiwa wamepata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba karibu wote waliopata dozi moja walikuwa wamejenga kinga, na kazi hiyo ni miongoni mwa zilizolipa Shirika la Afya Duniani msingi wa kuikubali dozi moja mwaka huo huo. Ni walimu wangapi wa sayansi wanaolijua jambo hili? Na kuhusu kufunga kizazi, ukweli umegeuzwa juu chini: ugonjwa ndio unaofunga. Mwanamke aliyepatwa na saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi hulazimika kuondolewa kizazi au kutibiwa kwa mionzi, na uwezo wake wa kuzaa huishia hapo.

Chama kina desturi ya kujikosoa, na hapa pana mahali pake. Kati ya Mei 2020 na katikati ya mwaka 2021 takwimu za Uviko-19 hazikutangazwa nchini, na mapema mwaka 2021 shaka juu ya chanjo zake ilisemwa hadharani na uongozi wa juu wa nchi. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya umma, baada ya kupokewa dozi 1,058,400 za kwanza. Mwananchi aliyesikia hili mwezi Januari na lile mwezi Julai hakuwa na kosa kuuliza lipi ni lipi. Katika pengo hilo simu ndizo zilizozungumza, na mwanzoni watu waliojitokeza walikuwa wachache. Mwendo ulibadilika ulipoanzishwa Mpango Shirikishi na Harakishi, ambapo watumishi wa afya waliwafuata wananchi vijijini na sokoni, wakaulizwa maswali na kuyajibu wakiwa ana kwa ana.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya uvumi ni polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na mwenye kueneza uongo kwa makusudi anastahili kukutana nayo. Lakini hakuna mama aliyempeleka mwanawe kuchanjwa kwa sababu jirani yake amekamatwa.

Hofu ya sindano ni ya zamani kuliko simu, na haichagui asiyesoma. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizo ya kawaida, Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977, alikuwa mpishi wa hospitali. Chanjo ilikuwa karibu naye kila siku, naye akaikwepa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa akizunguka kuwahimiza wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Walimsikiliza kwa kuwa hakuwaficha kwamba naye aliogopa.

Kwa hiyo kabla ya chanjo kutolewa shuleni, mwalimu mkuu aite mkutano wa wazazi, na muuguzi wa zahanati awepo, siyo kusoma hotuba bali kuulizwa. Mwalimu mwenye binti wa umri huo aseme waziwazi kama wa kwake amechanjwa. Na uvumi unapozuka wilayani, Mganga Mkuu wa Wilaya awe ametoa jibu siku hiyo hiyo, kwa maneno mafupi yanayoweza kuwekwa katika kundi la simu na kila mwalimu na kila mtendaji. Jibu linalokaa wiki tatu kwenye jalada likingoja saini litawakuta wasichana wamekwisha kutolewa kwenye foleni.