Kigoda cha Nyerere ni changamoto kwa vyuo vyetu

Aprili 2009, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango kwa wiki nzima ya mihadhara, mijadala na sanaa kumuenzi Mwalimu Julius Nyerere. Kigoda cha Mwalimu kilikuwa mikononi mwa Profesa Issa Shivji, msomi anayejulikana kwa kuikosoa serikali, na mgeni mkuu alikuwa Wole Soyinka.

Nairobi nayo iliwahi kuwa na jukwaa kama hilo. Mnamo 1974 wanafunzi wa chuo kikuu walianza kuzunguka nchini wakiigiza bila malipo. Lakini Desemba 1977 Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mhadhiri chuoni humo, alikamatwa na kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, chuo kilifungwa kwa muda mrefu. Woga uliopandwa enzi hizo haujang'oka wote.

Suala jingine ni lugha. Soyinka, ambaye tangu miaka ya 1970 amependekeza Kiswahili kiwe lugha ya Afrika nzima, alihutubu kwa Kiingereza hata huko Dar es Salaam. Muuza mboga wa langoni, hata akikaribishwa ukumbini, ataambulia nini?