Vuhovi: Binti anayepiga kelele usiku aulizwe kwanza ameona nini

Filamu L'Exorciste ina zaidi ya miaka 50, lakini hata watu ambao hawajaiangalia kamwe wanaijua. Kitanda kinachotikisika, shingo inayogeuka mpaka nyuma, matapishi ya rangi ya majani, sauti nzito inayotoka katika kinywa cha mtoto: hayo yote yamerudiwa katika filamu nyingi za maombi na za uchawi zinazopita kutoka simu hadi simu. Inafaa kuizungumzia katika cheferi ya Bashu, ambako familia mbili au tatu zilizokimbia vita zinaweza kulala katika nyumba moja, na ambako binti akipiga kelele usiku jirani hukawii kumsikia akisema: huyu ana mapepo.

Filamu yenyewe ilitoka mwishoni mwa Desemba 1973 huko Marekani. Iliongozwa na William Friedkin, kutokana na kitabu cha William Peter Blatty cha mwaka 1971. Inaonyesha binti wa miaka 12, Regan, anayeishi Washington pamoja na mama yake Chris, mwigizaji wa sinema aliyeachana na mumewe. Mtoto anabadilika. Anatukana, anatapika, anajiumiza, anampiga mama. Madaktari wanamchoma sindano na kumpitisha kwenye mashine, hawapati jibu. Mwishowe mama, ambaye hana dini, anawaita mapadri. Padri Merrin na Padri Karras wanakufa wote wawili katika kazi hiyo. Mtoto anapona, na hakumbuki kitu.

Watazamaji wengi wanabaki na kitanda na shingo. Lakini mwanzoni kuna jambo dogo. Ni siku ya kuzaliwa kwa Regan, na baba yake, aliye mbali huko Roma, hapigi simu. Mama anapiga kelele kwenye simu akimtafuta, akimsema vibaya, na mtoto yuko karibu anasikia yote. Kisha ndipo mtoto anasema kitanda chake kinatikisika na hawezi kulala. Katika filamu nzima, mapadri wanamuuliza shetani jina lake, madaktari wanauliza mashine zao. Hakuna anayeketi na mtoto huyo na kumuuliza juu ya baba yake.

Swali hilo la baba si geni. Mwaka 1923, daktari Sigmund Freud wa mji wa Vienna aliandika juu ya mchoraji mmoja wa karne ya 17, Christoph Haizmann, aliyesema kwamba alifanya agano na shetani. Freud alisoma maandishi ya zamani ya mapadri waliomtunza, akaona kitu kimoja: agano lile lilikuja baada ya baba wa mchoraji kufa, wakati mtu huyo alikuwa na huzuni kubwa na hakuweza tena kufanya kazi. Kwa Freud, shetani alikuja kukaa katika kiti cha baba aliyekufa. Mtu anaweza kukataa mafundisho mengine yote ya Freud na bado akaona kwamba hapo aliuliza swali zuri. Wahenga walisema penye moshi pana moto. Kelele za usiku ni moshi. Moto uko wapi?

Wanawake wasomi nao waliitazama filamu hii kwa jicho lao. Mwaka 1993, Barbara Creed wa Australia alitoa kitabu juu ya mwanamke anayefanywa kuwa kitu cha kutisha katika filamu. Alifuata wazo la Julia Kristeva, aliyeandika mwaka 1980 kwamba watu huogopa vitu vinavyovuka mpaka wa mwili: damu, matapishi, uchafu, maiti. Creed anaonyesha kwamba Regan yuko katika umri wa kuvunja ungo, na kila kinachotisha ndani yake kinatoka katika mwili wake wa kike na katika kinywa kilichokataa kutii. Nyumba yake haina baba, mama anafanya kazi na hana wa kumtawala. Kisha wanakuja wanaume, ambao watu huwaita baba, wanarudisha amani, na binti anakuwa tena mtoto mpole asiyesema kitu. Kwa hiyo, chini ya vita vya Mungu na shetani, filamu inaficha woga mwingine: woga wa binti anayekuwa mwanamke bila mwanaume wa kumwongoza.

Kuna mambo mawili yanayotia nguvu maoni hayo. Kisa ambacho Blatty alikisikia alipokuwa mwanafunzi, kisa cha mwaka 1949 huko Maryland, kilikuwa cha mtoto wa kiume. Blatty alieleza kwamba alimgeuza kuwa binti ili kumficha mwenyewe. Sababu hiyo ni ya heshima, lakini watazamaji walimpokea binti bila kushangaa, kana kwamba mwili wa msichana ndio nyumba ya kawaida ya shetani. Jambo la pili ni sauti. Ile sauti nzito ya shetani, inayowaogopesha watu mpaka leo, ni ya mwanamke, mwigizaji Mercedes McCambridge. Filamu ilipotoka jina lake halikuandikwa. Ilibidi adai haki yake. Mwanamke alifanya kazi, watu wakasema ni shetani.

Hata hivyo, wataalamu wa nafsi wasichukuliwe kama malaika. Freud mwenyewe, mwaka 1896, alisema kwamba wanawake wagonjwa waliokuja kwake walikuwa wametendewa mabaya ya kimwili walipokuwa watoto. Mwaka uliofuata aliliacha wazo hilo, akaanza kufikiri kwamba mengi yalikuwa ndoto na tamaa zao. Wanawake wengi wamemlaumu kwa hilo, na wana haki. Alifungua sikio, kisha akalifunga. Basi swali halihusu tu kuchagua kati ya padri na daktari. Swali ni nani atamsikiliza binti na kumwamini.

Hapo ndipo filamu ya Washington inaingia Vuhovi. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika teritware ya Beni yamewafanya watoto waone mambo ambayo hakuna filamu ya kutisha inayothubutu kuyaonyesha. Mwaka 2018 hadi 2020 Ebola ilipita Mangina, Beni, Butembo na hata zone ya afya ya Vuhovi, na wengi walizika wazazi bila kuwagusa. Mwezi wa 6 mwaka 2024 Kanyabayonga ilianguka, na familia nyingine zikapanda barabara ya Lubero na Butembo. Binti aliyepita njia hizo, akiamka usiku na kupiga kelele, akikaa kimya siku mbili, akianguka chini akisikia pikipiki inayotoa mlio wa risasi, hahitaji shetani ili aelezwe. Baba yake amekufa au haonekani. Shamba limebaki nyuma. Na mara nyingine kuna jambo lililomtokea njiani ambalo hajui kulisema mbele ya baba mdogo, mbele ya familia iliyompokea, mbele ya mchungaji.

Jambo hilo lina saa zake. Binti aliyebakwa anapaswa kufika kituo cha afya kabla ya masaa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, na mapema zaidi ni bora. Masaa 72 ni siku 3. Siku 3 ndizo nyumba nyingi za maombi huweka kwa mfungo wa kwanza. Binti anayefungiwa katika chumba cha maombi siku 3 bila chakula, akiulizwa nani amemtuma, anaweza kutoka akiwa ametulia kama Regan. Lakini dirisha la dawa limeshafungwa. Hapa filamu si mchezo tena: anayefikiri kama filamu anaweza kumpotezea mtoto maisha yake.

Tena woga huo haukomi kwa mabinti. Mwanamke mkongwe, mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea, yuko upande mwingine wa fimbo hiyo hiyo. Mwezi wa 9 mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wakongwe waliosingiziwa uchawi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Binti anaitwa nyumba ya pepo, bibi anaitwa aliyemtuma pepo. Wote wawili ni wanawake, wote wawili hawana mwanaume wa kusimama mbele yao. Sehemu iliyojaa watu waliokimbia, ambako jirani hamjui jirani, haiko mbali na hatari hiyo.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni ya wazungu na kwamba yanadharau imani. Sivyo. Makanisa ndiyo yaliyofungua milango kwa watu waliokimbia wakati wengine walikuwa bado wanahesabu majina. Maombi yanampa mama nguvu ya kuamka asubuhi. Lakini Kanisa Katoliki lenyewe, katika kanuni 1172 ya sheria yake, linakataza mtu yeyote kufukuza pepo kwa ibada hiyo kubwa bila ruhusa ya wazi ya askofu, na linafundisha kwamba kwanza ihakikishwe kuwa si ugonjwa. Hata katika filamu, Padri Karras ni daktari wa nafsi, na ndiye wa kwanza kumwambia mama arudi kwa madaktari. Watu wanasahau sehemu hiyo kwa sababu haina kitanda kinachoruka.

Magonjwa yapo. Kifafa kinamwangusha mtu na kumtoa povu. Malaria ikifika kwenye ubongo inamfanya mtoto aseme maneno ovyo. Woga wa vita nao unaumiza kama jeraha. Muganga aone kwanza, mchungaji aombe pamoja naye, na hakuna atakayekuwa amemkosea Mungu. Sheria nayo iko wazi: katiba ya mwaka 2006, kipengele cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inarudilia jambo hilo.

Kwa hiyo wachungaji na makatekista wa Bashu wangefanya kazi kubwa kwa kuweka kanuni moja tu: hakuna mfungo wala kufungia binti ndani kabla hajapita kituo cha afya, na kabla mama mmoja wa kuaminika hajakaa naye peke yake. Machifu wa vijiji wasingoje mpaka bibi akokotwe barabarani. Baba anayeangalia filamu hizo pamoja na watoto awaulize mwishoni: mtoto huyu alikuwa na shida gani kabla pepo hajaja?

Nanyi akina mama mliopokea watoto wa wengine, usiku huu huenda mmoja wao atapiga kelele. Msiulize jina la pepo. Washeni taa, mpeni maji, kaeni naye, mwulizeni kwa sauti ya chini: mwanangu, uliona nini? Asipojibu leo, mwulizeni tena kesho. Na kama jibu lake ni lile mnaloliogopa, msingoje siku ya tatu. Mpelekeni kituo cha afya asubuhi hiyo hiyo.