Sare Tano Si Mavuno

Tangu Januari, kila nikipita kijiwe cha kahawa cha hapa Rau nasikia sentensi ileile: "Sasa tumefika." Wanaoisema ni waendesha bodaboda, mafundi, walimu wastaafu na wanafunzi wangu wawili watatu. Wanazungumzia Taifa Stars, iliyovuka hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, kisha ikatolewa na wenyeji Morocco kwa bao moja tu mjini Rabat. Juzi mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, mbona wewe hufurahi na wenzio?" Nilimjibu, "Nafurahi, mzee wangu, ila naogopa." Jibu hilo halikumridhisha. Makala haya ni jibu langu kamili kwake.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina ushabiki. Tanzania imeshiriki fainali hizo mara 4: mwaka 1980 nchini Nigeria, 2019 Misri, 2023 Ivory Coast (zilizochezwa mwanzoni mwa 2024), na 2025 Morocco. Tumecheza mechi 13. Tumefungwa 8, tumetoka sare 5. Hatujashinda hata moja. Safari hii tulivuka makundi kwa alama 2, tukiwa miongoni mwa timu zilizoshika nafasi ya 3 kwa unafuu. Sisemi haya kuwadharau vijana waliovaa jezi yetu. Sare na Tunisia si jambo dogo, na kuwabana wenyeji hadi filimbi ya mwisho si jambo dogo pia. Ninachosema ni kwamba taifa lililokaa miaka 45 bila kushinda mechi moja ya fainali halijafika. Limeonyeshwa njia.

Kwa anayedhani naleta nuksi, namwomba tutazame kwa jirani, katika mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii: kriketi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1996, Kenya iliishangaza dunia mjini Pune, India. Ilipata mikimbio 166, kisha ikaiondoa yote West Indies ya Brian Lara kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 iliifunga Sri Lanka jijini Nairobi na kusonga hadi nusu fainali, ilikotolewa na India mjini Durban. Hapakuwa na taifa jingine lililowahi kufika hapo bila kuwa na hadhi ya Test, yaani zile mechi za siku 5 ambazo kwa wanakriketi ndizo kipimo cha utu uzima. Matumaini ya kupewa hadhi hiyo yakapanda. Nao, bila shaka, walisema: tumefika.

Kilichofuata kinapaswa kufundishwa katika vyuo vyetu. Bangladesh, ambayo Kenya ilikuwa imeifunga zaidi ya mara moja miaka ya 1990, ilikuwa imekwisha kupewa hadhi ya Test mwaka 2000. Ireland na Afghanistan zikaipata mwaka 2017. Kenya haijaipata hadi leo, na mwaka 2014 ilipoteza hata hadhi ya kimataifa ya mechi za siku moja. Mataifa ya Afrika yalipokutana mjini Windhoek, Novemba 2023, kugombea nafasi 2 za Kombe la Dunia la 2024 la mechi fupi za ova 20, waliopita ni Namibia na Uganda. Waliokuwa nusu fainali miaka 20 kabla walirudi nyumbani.

Wapo wanaosema wakubwa waliifungia Kenya mlango, na kwa sehemu ni kweli: baada ya 2003 mechi dhidi ya mataifa makubwa zilikauka. Lakini mlango wa nje ulipofungwa, ndani nako hakukuwa na akiba. Viongozi waligombana, wachezaji waligoma wakidai malipo yao, na mwaka 2005 chama kilichokuwepo kiliondoshwa na kingine kikaundwa. Kizazi cha Steve Tikolo kilizeeka, na mchezo ulikuwa umebaki wa klabu chache, nyingi za Nairobi. Nyuma ya kizazi kile hakukuwa na safu ya kutosha ya vijana. Ile nusu fainali ilichukuliwa kuwa mavuno, kumbe ilikuwa mbegu, na mbegu ililiwa.

Ndiyo hofu yangu kwa Taifa Stars. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mtaniambia: Mwalimu, hatujalala. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Kweli, na ni heshima. Lakini mfungaji mkuu wa Yanga ile alikuwa Fiston Mayele, mwana wa Kongo, na kanuni za Ligi Kuu zinaruhusu klabu kusajili wachezaji 12 wa kigeni. Sina ugomvi na mgeni anayekuja kufanya kazi kwa bidii. Nina ugomvi na sisi tunaohesabu nguvu ya klabu kuwa nguvu ya taifa, kisha tunashangaa timu ya taifa inapokosa mshambuliaji.

Mtaniambia pia kwamba Serikali imetoa fedha. Imetoa. Tumeona "Goli la Mama", zawadi ya mamilioni ya shilingi kwa kila bao la klabu zetu kimataifa. Tunaona uwanja mkubwa wa Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapa, ukijengwa kwa ajili ya fainali za 2027 tutakazoziandaa pamoja na Kenya na Uganda. Lakini zawadi ya goli humlipa aliyekwisha kufunga, haimzai atakayefunga. Na uwanja wa kimataifa humpokea mchezaji akiwa na miaka 20 na kuendelea. Je, akiwa na miaka 9 anapokelewa wapi?

Nilipohamia Rau, jioni nilikuwa nasikia kelele za watoto kwenye kiwanja cha wazi karibu na ninapoishi. Leo pana ukuta na geti. Watoto wanacheza barabarani, wakipisha bodaboda kila dakika, kwa mpira wa makaratasi na kamba. Kiwango cha timu ya taifa kinaamuliwa pale, miaka 12 kabla kocha hajaitangaza orodha yake. Anayetaka kujua kwa nini hatujashinda asianzie kwenye benchi la ufundi. Aanzie kwenye ramani ya mtaa wake, atafute viwanja vya michezo vilivyochorwa, kisha atembee kwa miguu aone vingapi bado vipo.

Na inawezekana. Timu yetu ya vijana wa kriketi chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia la 2026, Zimbabwe na Namibia, kwa mara ya kwanza. Mchezo usio na Goli la Mama wala kijiwe cha kuujadili umefika huko kupitia vijana. Pale Rau sijasikia hata mmoja akiwataja.

Nayasema haya kwa makundi matatu. Ninyi wanafunzi, acheni kubishana kuhusu kocha pekee. Ulizeni bajeti ya michezo ya halmashauri zenu, kwa kuwa ni haki yenu kuijua. Ninyi wanaharakati, kiwanja cha watoto ni ardhi ya umma kama chanzo cha maji. Kilindeni kabla ukuta haujasimama. Ninyi watumishi wa umma, mnaoshika mihuri ya ardhi na mafaili ya shule, fahamuni kwamba kila kibali cha kubadili matumizi ya kiwanja cha wazi ni mchezaji mnayemwondoa uwanjani bila kadi.

Sisi watu wa Kilimanjaro tunajua habari ya mbuni. Unaupanda leo, unaupalilia na kuuwekea kivuli, na hutarajii kahawa mwaka huohuo. Anayeukata ukiwa mchanga ili auze kuni haitwi mkulima.

Basi, mzee wangu, nimefurahi. Nilishangilia ile sare ya Tunisia hadi sauti ikakauka. Lakini siku tutakaposhinda mechi yetu ya kwanza, nataka mfungaji awe mtoto aliyekuwa na mahali pa kucheza, na nyuma yake wawepo wengine 100. Hapo nitakuja kijiweni, nitakununulia kahawa, na nitasema nawe: sasa tumefika.